Mwenye nyumba wa Mtwara, mlipe dalali wewe

Hapa Mtwara dalali wa nyumba analipwa na mpangaji. Mtu anapelekwa Magomeni kuona chumba na sebule, akiridhika anatoa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mwenye nyumba, kisha juu yake anaongeza kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Kabla hajafika hapo ameshatoa hela ya kuonyeshwa, mara nyingine kwa madalali wawili watatu tofauti, pamoja na nauli za bodaboda. Mwenye nyumba hatoi hata shilingi. Wengi ninaozungumza nao wanaona wamepata huduma ya bure, na nikiwashauri wamlipe dalali wao wenyewe wananishangaa: kwa nini nilipe wakati yupo anayelipa?

Nataka kulijibu swali hilo kwa urefu, kwa sababu naamini utaratibu huu ni sababu mojawapo ya nyumba za mji wetu kubadilisha watu kila msimu, kukaa tupu na kuishia kwenye ugomvi. Kwa utaratibu tulionao dalali hamtumikii mwenye nyumba, na mpangaji anayemlipa hamtumikii pia. Anaitumikia siku ya kukabidhi funguo. Ikipita siku hiyo, hana tena sababu ya kujali kama mpangaji ni mlipaji mzuri, kama nyumba inavuja, kama majirani wanaelewana. Na nyumba ikirudi kuwa tupu, yeye amepata kazi nyingine.

Tuchukue mfano wa kuhesabia. Nyumba ya vyumba vitatu Chuno, kodi 200,000 kwa mwezi. Mpangaji anakaa miezi sita anahama, nyumba inakaa tupu mwezi mmoja, anaingia mwingine, naye miezi sita, hivyo hivyo kwa miaka miwili. Ukihesabu utaona nyumba imekaa tupu miezi mitatu, na mwenye nyumba amekosa 600,000. Wapangaji walioingia ni wanne, na kila mmoja ametoa 200,000 ya udalali, jumla 800,000. Hapo sijaweka rangi ya kupaka upya, kitasa cha kubadilisha, wala koki ya bafuni iliyoondoka na mpangaji wa pili. Sasa chukua nyumba hiyo hiyo ipate familia iliyokaa miaka yote miwili. Mwenye nyumba hajakosa hata mwezi mmoja, na dalali amepata 200,000 mara moja tu.

Tazama dalali anasimama wapi katika hesabu hizo mbili. Mpangaji wa kuhamahama anamwingizia mara nne ya anayekaa. Sisemi kwamba madalali wanawatimua watu kwa makusudi, na wengi ninaowafahamu ni vijana wanaojituma juani kutafuta riziki. Nasema tumewawekea malipo yanayowapa faida pale mwenye nyumba anapopata hasara, kisha tunawalaumu kwamba hawatuletei watu wa kukaa.

Mtu atasema Dar es Salaam nako mambo ni hayo hayo, mbona mji unakwenda? Dar es Salaam inapokea watu kila siku, mwaka mzima. Chumba kikiachwa Sinza asubuhi, jioni wapo watatu wanakigombania. Mtwara ni mji wa kujaa na kupwa, na historia yake yote inasema hivyo. Waingereza walipoanza mpango wao wa kulima karanga mwaka 1947 walijenga bandari na reli, wakaleta watu, na mpango ukafa 1951. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 60 mwanzoni. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, lakini zogo lenyewe lilikuja baada ya 2010, kampuni za nje zilipoanza kupata gesi baharini kwenye kina kirefu. Wageni walijaa, nyumba za Shangani zikaanza kutajwa kwa dola, watu wakakopa benki kujenga nyumba za kupangisha kampuni. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kampuni zikapunguza shughuli. Mwaka 2015 bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam likazinduliwa na kiwanda cha saruji cha Dangote kikafunguliwa. Ujenzi ukiisha, wajenzi huondoka. Mradi mkubwa wa kusindika gesi kule Likong'o, Lindi, umesainiwa makubaliano ya awali Juni 2022, na wapo waliojenga kwa kuungojea huo.

Desturi ya mpangaji kumlipa dalali inaeleweka wakati wa kujaa, maana hapo mwenye shida ni anayetafuta nyumba. Maji yakipwa, mwenye shida anakuwa mwenye nyumba. Nyumba zipo, wapangaji wazuri ndio wanaotafutwa, na bado tunamtoza yule yule anayetafutwa. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Tabora anafika na mabegi, anadaiwa kodi ya miezi sita na mwezi wa saba wa dalali, na katika hali hiyo anachukua nyumba ya bei rahisi kuliko aliyoitaka, kisha anaanza kutafuta nyingine akiwa ndani. Tumempata na tumempoteza kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nasema mwenye nyumba ndiye amwajiri dalali, yeye ndiye amlipe, na malipo yagawanywe. Nusu itolewe siku mkataba unaposainiwa na kodi kuingia. Nusu ya pili itolewe mpangaji anapolipa awamu ya pili bila kusumbua. Katika mfano wangu wa Chuno ni 100,000 na 100,000. Ukiokoa mwezi mmoja tu wa nyumba kukaa tupu, fedha yako yote imerudi. Na dalali, kwa mara ya kwanza, anakuwa na sababu ya kupiga simu baada ya miezi mitatu kuuliza kama mpangaji yuko salama na kama lile bomba lililokuwa linavuja limetengenezwa.

Ukishakuwa wewe unayelipa, una haki ya kudai kazi. Na kazi ya dalali mzuri Mtwara haiishii kupiga picha na kuiweka kwenye status ya WhatsApp. Inaanza na kujua mji unaishi kwa misimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kuanzia Septemba wanaingia watu wa maghala, wanunuzi, wasafirishaji, mawakala wa meli. Wana fedha mkononi, hawabishani sana bei, na wengi wao Februari au Machi hawapo. Kumpa mtu wa korosho nyumba ya familia kwa sababu ametoa miezi sita taslimu ni kujipangia nyumba tupu wakati wa masika, ambapo hakuna anayehama. Walimu wenye watoto wanatafuta nyumba Desemba na Januari, kabla ya shule kufunguliwa. Wanafunzi wa Stella Maris na wa Chuo cha Uhasibu wanaingia na kutoka kwa kalenda ya chuo, na chumba chao hakifai kuwa kwenye uzio mmoja na mzee anayeamka saa kumi alfajiri kwenda msikitini. Wauguzi na madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda kule Mitengo wanataka kujua usafiri wa zamu ya usiku ukoje. Dalali asiyejua haya anakuletea mtu yeyote mwenye fedha. Anayeyajua anakwambia, mama, nyumba yako hii ngojea wiki mbili, usimpe huyu.

Hilo la "ngojea" dalali wa leo hawezi kulisema. Akingoja hana chakula jioni. Mlipe yeye ndipo utapata ushauri wa namna hiyo.

Kazi ya pili ni kumjua mpangaji. Anatoka nyumba gani, kwa nini anahama, mwenye nyumba wake wa zamani anasemaje akipigiwa simu, ana kazi gani, wataishi wangapi. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa alikotoka ni kitu kidogo ambacho watu wengi wanakiruka kwa haraka ya kupokea fedha. Na hapo hapo, dalali awe mkweli kwa mpangaji kuhusu nyumba. Amwambie maji yanatoka kwa ratiba gani na kama kuna tenki. Amwambie mita ya umeme ya LUKU ni ya peke yake au anachangia na wapangaji wa uani. Kama nyumba iko karibu na bahari, Shangani au Ufukoni, amwambie mabati na nondo za madirisha vina hali gani, maana chumvi inakula chuma. Mpangaji aliyedanganywa anagundua wiki ya kwanza, na kuanzia siku hiyo anahesabu miezi ya kuondoka.

Jambo la LUKU lina sehemu nyingine ndogo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, naye kwa kawaida ni mpangaji, ingawa mwenye jengo ni wewe. Fedha ni ndogo lakini nimesikia ugomvi mkubwa juu yake. Dalali aliseme mapema kwamba mwenye nyumba atairudisha au ataipunguza kwenye kodi, liandikwe, liishe.

Nije sasa kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni nyumba ambazo wenyewe hawapo. Ni nyingi mno. Mtumishi alijenga Mangamba, akahamishiwa Dodoma. Kijana wa Mikindani anafanya kazi Dar es Salaam na anajenga kwao kidogo kidogo. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, hata mwenye nauli hakuweza kufika. Watu hawa wanamwachia dalali funguo, wanampa namba ya simu, na wanamwambia "tafuta mtu, chukua hela, nitumie". Sentensi hiyo moja imewagharimu watu nyumba zao kwa miaka.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu wakala na anayemtuma. Inamtaka wakala afuate maelekezo aliyopewa, atoe hesabu akitakiwa, na asijinufaishe kwa siri na kazi ya aliyemtuma. Wakala anayekosa uaminifu anaweza kupoteza haki ya malipo yake. Hiyo ni ngao yako. Lakini sheria hiyo hiyo inamlinda pia mtu wa tatu. Ukimfanya mpangaji aamini, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba dalali ana mamlaka ya kupokea kodi kwa niaba yako, utabanwa na alichokifanya hata kama fedha hazikukufikia. Mpangaji aliyeonyeshwa funguo zako, akasainishwa karatasi yenye jina lako na akatoa fedha yake kwa mtu uliyemtuma wewe ana hoja nzito kuliko yako. Utamfukuza vipi mtu ambaye kwa upande wake ameshalipa?

Kwa hiyo kodi isipite mkononi mwa dalali. Iende benki au kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na mkataba uitaje namba hiyo. Funguo ziwe na mtu wa tatu, ndugu au jirani unayemwamini, dalali azichukue na kuzirudisha anapoonyesha. Mkataba wa pango usaini wewe mwenyewe, hata kama ni kwa kutumiana nakala, na mtu wako awepo siku ya makabidhiano kuandika hali ya nyumba na kusoma mita ya maji. Dalali akiona vibaya kwamba hagusi kodi, mwache, tafuta mwingine.

Hapo ndipo linapoingia suala la cha juu, ambalo kila mtu mjini analijua na hakuna anayelizungumza mbele ya mwenzake. Mwenye nyumba anasema anataka 150,000. Dalali anamwambia mpangaji 180,000, na ile 30,000 ya kila mwezi, kwa miezi sita, anaiweka mfukoni kabla ya kupeleka iliyobaki. Mpangaji anaamini mwenye nyumba ni mtu wa bei kali. Mwenye nyumba anashangaa kwa nini kwa bei yake nzuri watu wanaomba kupunguziwa. Siku wakikutana uso kwa uso msibani au dukani wanagundua, na uhusiano umeshaharibika. Mimi simlaumu dalali peke yake kwa hili. Ulimwambia kazi yako ni ya bure kwangu, naye akatafuta malipo yake pale alipoweza kuyapata. Dalali anayelipwa vizuri na kwa wazi na mwenye nyumba hana udhuru wa cha juu, na akikichukua umemshika kwa sheria, kwa sababu anapaswa kukupa hesabu ya kila kilichopatikana kutokana na kazi yako.

Kuna kundi jingine la nyumba ambalo linahitaji maneno yake, nyumba za urithi. Baba amefariki, ameacha nyumba Chikongola, watoto watano, wawili wako Dar, mmoja Masasi, mmoja Newala, mmoja amebaki hapa. Aliyebaki anatafuta dalali, mpangaji anaingia. Baada ya miezi miwili anafika wa Masasi na dalali wake na mpangaji wake. Wote wawili ni watoto halali wa marehemu, wote wamepokea fedha. Sitaki kumtwisha dalali ugomvi wa familia, lakini swali la kwanza ambalo dalali angepaswa kuuliza ni nani aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, na barua ya uteuzi iko wapi. Msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya warithi. Kama hakuna aliyeteuliwa, familia iende kwanza mahakamani, kisha ndipo nyumba ipangishwe. Dalali anayelipwa na mpangaji siku hiyo hiyo hana muda wa swali hilo. Dalali aliyeandikiwa mkataba na familia, ambaye nusu ya malipo yake inategemea mpangaji kukaa, ataliuliza kabla hajapiga picha hata moja, kwa sababu fedha yake mwenyewe iko hatarini.

Na kwa mpangaji anayesoma hapa: uliza swali hilo wewe pia. Usione haya kumuuliza mjumbe wa shina nyumba hii ni ya nani. Wajumbe wanajua.

Mkataba kati ya mwenye nyumba na dalali si lazima uwe kitu cha kutisha. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili cha kawaida. Utaje nyumba ilipo, kodi inayotakiwa na kiwango cha chini ambacho dalali anaruhusiwa kukubali bila kupiga simu. Utaje malipo yake na yanalipwa lini, na useme wazi kwamba hapokei chochote kwa mpangaji, iwe hela ya kuonyeshwa, ya usumbufu wala cha juu. Umpe muda, tuseme siku 30 au 45, ambazo yeye peke yake ndiye anayeitangaza nyumba. Watu wengi wanakataa hili la mwisho. Wanaona wakiwapa madalali kumi nyumba itatoka haraka. Kinachotokea ni kwamba picha zile zile zinazunguka kwenye simu za mji mzima kwa bei tatu tofauti, watu wanaona nyumba hiyo ina tatizo, na hakuna dalali hata mmoja kati ya kumi anayeweka juhudi, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake anaweza kumwahi. Mpe mmoja muda wake. Ukiisha bila matunda, mnaachana kwa heshima na unampa mwingine.

Ni muhimu tuandikiane kwa sababu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo sehemu kubwa ya haki za mwenye nyumba na mpangaji inategemea walichokubaliana. Hata Baraza la Kata, ambalo watu wengi bado wanalikimbilia, tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu. Uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kule unatakiwa uende na karatasi. Mkataba wa pango ulipiwe ushuru wa stempu pia, maana mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji. Anayetaka kupangisha kampuni, za bandari au za saruji, ajue kwamba watakata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, apange bei yake akijua hivyo. Na bei yenyewe iwe ya shilingi: kanuni za 2025 zimezuia kutangaza bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo zile dola za Shangani zimebaki kumbukumbu.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba mwenye nyumba akimlipa dalali ataiongeza fedha hiyo kwenye kodi, na mpangaji atalipa vile vile. Wapo watakaofanya hivyo. Lakini 200,000 iliyogawanywa ndani ya miaka miwili ni pungufu ya 8,500 kwa mwezi, na mpangaji anailipa akiwa ameshapokea mshahara wake hapa, ameshatulia. Kwake hiyo ni nafuu kubwa kuliko 200,000 ya siku ya kwanza, wakati bado ana mzigo wa kusafirisha vitanda na hajui hata duka la mkate liko wapi. Na mwenye nyumba mwenye busara hataiongeza kabisa, kwa sababu ameiokoa kwenye miezi ambayo nyumba haikukaa tupu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: dalali atakula kuwili. Atachukua nusu yako leo na bado atamtoza mpangaji kimya kimya. Hili litatokea, nisiseme uongo, hasa mwanzoni. Dawa yake iko kwenye simu moja. Mwenye nyumba azungumze na mpangaji mwenyewe kabla ya kusaini, amwambie: dalali wangu nimeshamlipa, wewe hudaiwi kitu, kodi yangu ni kiasi fulani. Maneno hayo machache yanaua cha juu na hela ya kuonyeshwa kwa pamoja. Tangazo nalo liandikwe hivyo hivyo, kwamba mpangaji halipi udalali. Naamini nyumba yenye tangazo la namna hiyo itapata wapangaji wengi wa kuchagua, kwa sababu kila mtumishi anayehamia Mtwara anaitafuta nyumba hiyo na haioni.

Wengine wanasema hawana fedha ya kumlipa dalali kabla hawajapokea kodi. Hawahitaji kuwa nayo. Nusu ya kwanza inatoka kwenye kodi ya awamu ya kwanza, nusu ya pili kwenye awamu ya pili. Hakuna siku mwenye nyumba anatoa fedha ambayo nyumba haijaingiza.

Upande wa serikali, Julai 2025 ilitolewa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina kadhaa za biashara ndogo, na udalali wa nyumba ulikuwamo. Nimeifurahia, kwa sababu inakubali kwamba hii ni kazi ya Watanzania inayostahili kulindwa. Lakini kazi inayolindwa ipewe na utaratibu. Leo kijana yeyote mwenye simu na pikipiki ni dalali, na kesho akitoweka na fedha ya mtu hakuna pa kuanzia kumtafuta. Ana picha za vitambulisho vya NIDA vya watu kwenye simu yake, na sidhani kama wengi wao wameambiwa kwamba tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayowahusu.

Hatuhitaji kusubiri Dodoma kwa hili. Kila ofisi ya mtaa katika Manispaa ya Mtwara Mikindani inaweza kuwa na daftari la madalali wa mtaa ule: jina, picha, namba ya simu, mdhamini anayefahamika. Mwenyekiti wa mtaa tayari anaandika wageni wanaohamia na anatoa barua za utambulisho, kwa hiyo daftari hili linakaa mezani pake bila gharama ya maana. Dalali aliyeandikwa anapewa barua yenye muhuri ya kuonyesha kwa mwenye nyumba aliyeko Dodoma au Dar es Salaam. Akilalamikiwa mara mbili na ikathibitika, anaondolewa, na jina lake linabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mtaa wa kwanza kufanya hivyo, uwe Ligula, uwe Naliendele, ndio utakaopelekewa nyumba na watu walio mbali, na madalali wake ndio watakaoweza kudai malipo yao kwa mwenye nyumba bila kuona aibu.

Wenye nyumba wasiotaka kungoja daftari waanze na msimu huu. Minada ikiisha nyumba zitaachwa, na kabla ya kumpa funguo kijana wa kwanza atakayepiga hodi, kaa naye barazani, mwandikiane ule ukurasa mmoja.